Maji yanayopita pembeni ya mitambo: kutoka chura wa Kihansi hadi mlau wa Rufiji

Mita moja ya ujazo ya maji kwa sekunde ikishuka Kihansi, bwawa la kufua umeme la Tanzania, huzalisha takriban megawati 7.5. Hesabu yake ni nyepesi. Kimo cha maji pale, yaani urefu yanaoshuka hadi kwenye mitambo, ni kiasi cha mita 850. Zidisha kwa 9.81, namba ya mvutano wa dunia, upate kilowati, kisha toa asilimia 10 hivi inayopotea kwenye mabomba, turbini na jenereta. Anayedai maji yaachwe yapite mtoni aanze na hesabu hii, maana ndiyo itakayowekwa mezani mbele yake. Mita 2 za ujazo kwa sekunde zikiachiwa mto, gridi imekosa megawati 15. Kwa lugha ya luku ni uniti 360,000 kwa siku. Si haba, na mtetezi wa mazingira anayeijua hesabu hiyo husikilizwa kuliko aliyekuja na picha ya chura peke yake.

Hata hivyo chura mwenyewe anastahili kutazamwa kwa karibu. Nectophrynoides asperginis, anayejulikana na Watanzania wote kama chura wa Kihansi, hazidi sentimita 3 akiwa mkubwa. Hatagi mayai majini. Huzaa watoto walio hai, kila mmoja wa milimita 5 hivi. Aligunduliwa mwaka 1996, kazi ya bwawa ikiwa tayari imeshaanza, na makazi yake duniani kote yalikuwa hekta chache za ardhi oevu chini ya maporomoko ya Kihansi, kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa. Majani yale yalilowa mchana na usiku, masika na kiangazi, kwa manyunyu ya maji yaliyokuwa yakijipiga kwenye mwamba.

Ukuta wa Kihansi ni mfupi, mita 25 tu. Bwawa lake lina hekta 26. Ukilinganisha eneo lililofunikwa na maji na umeme unaotoka, megawati 180, ni vigumu kupata bwawa lililokula ardhi kidogo namna hiyo. Hapo ndipo penye mtego. Tumezoea kupima madhara ya bwawa kwa kutazama nyuma ya ukuta: vijiji vilivyohamishwa, msitu uliozama. Kihansi madhara yalikuwa mbele ya ukuta. Maji huingia kwenye handaki, hushuka hadi kwenye mitambo iliyo chini ya ardhi, kisha hurudi mtoni bondeni. Kipande cha mto kilichorukwa katikati ndicho kilichokuwa na maporomoko, na kwenye maporomoko ndiko kulikokuwa na manyunyu. Wastani wa mto kabla ya mradi ulikuwa kiasi cha mita za ujazo 16 kwa sekunde. Mitambo ilipoanza kazi, kuanzia 1999 hadi 2000, kilichobaki kikishuka korongoni kilikuwa chini ya 2. Ardhi oevu ilianza kukauka kutoka pembezoni, na magugu ya nchi kavu yakaingia mahali pa mimea ya majimaji.

Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani wakatunzwe kwenye bustani za wanyama, ikiwemo ya Bronx. Huko korongoni vikafungwa vinyunyizio. Navieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo dawa inayotajwa haraka kila mradi unapokausha mahali palipozoea unyevu, na wanaoitaja mara nyingi hawajui inavyoshindwa.

Mfumo wa aina hii hutumia uzito wa maji yenyewe, bila pampu. Maji huchukuliwa juu, hushuka kwenye bomba, hupita kwenye chujio, hugawanywa kwenye mabomba madogo, kisha hutoka kwenye nozeli. Kila mita 10 za kushuka hukupa baa 1 ya mgandamizo, kwa hiyo chanzo kilicho mita 40 juu ya nozeli hutoa chini kidogo ya baa 4, kwa kuwa msuguano wa bomba hula sehemu yake. Nozeli ya mwisho kwenye mstari daima hupata mgandamizo mdogo kuliko ya kwanza. Bomba likiwa jembamba mno, mwanzo wa mstari utapata manyunyu na mwisho utapata matone mazito yanayoanguka karibu. Dawa ni kuongeza kipenyo cha bomba kuu, au kulilisha kutoka pande zote mbili. Tatizo la kila siku ni kuziba. Matundu ya chujio yawe sehemu ya tano hadi ya kumi ya tundu la nozeli. Nozeli ya milimita 1 inataka chujio la milimita 0.1 hadi 0.2. Machujio yawe mawili sambamba ili moja lioshwe huku jingine likifanya kazi. Funga geji ya mgandamizo kabla na baada ya chujio, na tofauti ikifika nusu baa, osha. Usingoje nozeli zikauke ndipo upande mlima.

Hata mfumo ukifanya kazi sawasawa, haurudishi kilichokuwepo. Maporomoko yalikuja na upepo wake, unaosukuma matone madogo kabisa hadi chini ya majani na ndani ya nyufa za mawe. Kinyunyizio huleta kitu kinachofanana zaidi na mvua. Tena hulowesha pale ulipokipeleka tu, na vinyunyizio vya Kihansi havikufika eneo lote lililokuwa likilowa zamani.

Pamoja na mapungufu hayo, vyura waliongezeka. Kufikia Juni 2003 makadirio yalikuwa kiasi cha 20,000. Miezi michache baadaye waliporomoka, na Januari 2004 walioonekana walikuwa 3. Kuvu aina ya kitridi, inayoshambulia ngozi ya vyura na kuua sehemu nyingi duniani, ilikutwa kwenye mizoga. Wakati huohuo, katikati ya 2003, lango la chini la bwawa lilikuwa limefunguliwa kusafisha mashapo, na mashapo yanayotoka kwenye mashamba ya juu yanaweza kubeba viuatilifu. Ngozi ya chura hupitisha maji na kila kilichomo. Watafiti wengi wanaiweka kuvu mbele kama sababu kuu, nami naona wako sahihi, ila mahali palipokwisha kudhoofishwa hapahitaji pigo kubwa. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa kutoka Marekani hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 kazi ya kuwarejesha korongoni ikaanza.

Anayeingia kwenye korongo la namna hii asafishe viatu, na kuna mpangilio wake. Kwanza brashi na maji hadi tope lote litoke kwenye nyayo, ndipo dawa. Ukichovya buti lenye tope kwenye maji ya klorini, tope ndilo linalokula klorini na kuvu inabaki. Kisha acha vikauke kabisa, maana kuvu hii haivumilii ukavu. Mtu akiwa na haraka hatua ya kukausha ndiyo hurukwa, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

Sasa tushuke bonde. Kihansi huingia Kilombero, Kilombero huingia Rufiji, na Rufiji ndipo lilipo Bwawa la Julius Nyerere: ukuta wa mita 131, mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115, na uwezo wa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Kujaza kulianza tarehe 22 Desemba 2022, na mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024.

Hapa ile hesabu ya mwanzo hubadilika sura. Tuchukue kimo cha mita 100 kwa urahisi: mita moja ya ujazo kwa sekunde inatoa megawati 0.88, karibu sehemu ya tisa tu ya ile ya Kihansi. Zaidi ya hapo, mitambo iko jirani na ukuta. Maji yakishapita kwenye turbini yanarudi mtoni palepale, hakuna kipande kirefu kilichorukwa. Kwa hiyo maji ya kawaida ya mto wa chini hayaigharimu gridi chochote; yanapita yakifua umeme. Anayesema mto wa chini ukipewa maji yake taifa litakaa gizani hajafanya hesabu. Kinachobishaniwa Rufiji si kiasi cha maji kwa mwaka. Ni lini yapite, yatoke kina gani, na yamebeba nini.

Tuanze na lini, maana hapo ndipo penye maisha ya watu. Warufiji wana kilimo kiitwacho mlau. Mpunga hupandwa mvua zinapoanza, ukue kabla mto haujapanda. Masika mto hufurika, kilele chake mara nyingi Aprili. Maji yakianza kurudi, mkulima huyafuata nyuma na kupanda mahindi, kunde na maboga kwenye tope bichi lililoachwa, bila mbolea na bila kusubiri mvua. Mafuriko hayo pia huunganisha mto na maziwa ya bondeni; samaki huingia kuzaliana, na mto ukishuka watu huvua. Mafuriko yasipofika mwaka mmoja, mlau haupo mwaka huo, na ziwa halijapata samaki wapya. Yasipofika miaka mitatu mfululizo, vichaka huota kwenye mashamba na ziwa hugeuka kinamasi.

Bwawa la umeme kwa tabia yake hufuta tofauti hii. Mwendeshaji anataka maji ya Aprili ayatumie Oktoba. Mto wa chini hupata maji mengi kiangazi kuliko zamani na machache masika. Ukitazama wastani wa mwaka utasema hakuna kilichobadilika, na kwa mkulima wa mlau kila kitu kimebadilika.

Mafuriko ya kuachiliwa kwa makusudi yanawezekana, ila yana masharti. Mitambo yote 9 ikiwaka pamoja hupitisha, kwa makadirio ya kimo hicho, mita za ujazo 2,000 na kitu kwa sekunde. Mafuriko makubwa ya Rufiji hupita kiwango hicho, kwa hiyo ziada ipite kwenye utoro wa maji (njia ya kumwagia maji isiyopita kwenye mitambo) bila kufua umeme, na gharama hiyo ikubaliwe mapema kwenye bajeti. Sharti la pili ni mwendo. Mpunga wa bondeni hurefuka maji yakipanda taratibu kwa siku nyingi. Yakipanda ghafla usiku mmoja huzama na kuoza. Yakishuka haraka, samaki wadogo hunaswa kwenye madimbwi na tope hukauka kabla mbegu haijaota. Ratiba nzuri huandika sentimita ngapi kwa siku mto uruhusiwe kupanda na ngapi kushuka, kipimo kikisomwa kijijini na si langoni.

Mwendo huohuo una sura yake ya kila siku. Umeme hutakiwa zaidi kuanzia saa 12 jioni hadi saa 5 usiku. Mtambo ukiongezwa jioni na kupunguzwa alfajiri, mto hupumua kila siku: kingo hulowa, hukauka, humomonyoka, mayai ya samaki yaliyotagwa kwenye maji mafupi huachwa juu ya mchanga. Anayevuka na mtumbwi au kuchota maji asubuhi hukuta mto si ule aliouacha jana. Gridi ikiwa na mabwawa kadhaa, lililo karibu na watu libebe mzigo usiobadilika na lililo mbali na vijiji lifuate kilele cha jioni.

Kuhusu kina, bwawa refu katika nchi ya joto hujipanga matabaka. Juu kuna maji ya moto yenye oksijeni, chini kuna ya baridi ambayo oksijeni yake imeliwa na majani na miti inayooza. Msitu usipokatwa na kuondolewa kabla ya kujaza, miaka ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi. Tabaka la chini huzalisha methani na haidrojeni salfaidi, na chuma na manganizi huyeyuka kutoka kwenye udongo. Mdomo wa kuchukulia maji ukiwa chini, hayo ndiyo yanayotolewa kwa samaki wa chini ya bwawa. Dalili huhitaji pua na macho tu: harufu ya mayai viza kwenye mkondo wa kutokea, na utando mweusi au wa kutu juu ya mawe. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 5 kwa lita samaki wengi hutaabika, na chini ya 2 hufa. Msimu wa kipupwe, upepo na baridi vikichanganya matabaka ghafla, samaki wanaweza kuelea wamekufa hata ndani ya bwawa lenyewe, na watu wakadhani kuna aliyetia sumu.

Tiba rahisi kuliko zote hufanywa kwenye karatasi, zege likiwa halijamwagwa: mnara wenye midomo kwenye vina tofauti, mwendeshaji achague. Ukuta ukishasimama, kinachobaki ni kupuliza hewa kwenye turbini au kumwaga sehemu ya maji kwa kuyarusha hewani. Yote mawili husaidia, yote mawili yanakula umeme.

Tope ndilo jambo ninaloliona limepuuzwa kuliko yote. Mto ukiingia bwawani hupunguza kasi, mchanga huanguka kwanza pale mlangoni, na mfinyanzi laini huendelea hadi karibu na ukuta. Yanayotoka chini ni maji matupu yenye nguvu ileile ya kubeba mzigo, na kwa kuwa hayana mzigo huanza kula kingo na kuchimba kitako cha mto. Mto ukichimbika, mafuriko yaleyale ya zamani hayafiki tena shambani kwa sababu mto wenyewe umeshuka. Hili ndilo linalofanya mafuriko ya kuachiliwa yahitaji maji mengi zaidi kadiri miaka inavyokwenda.

Delta huishi kwa tope hilo. Mikoko ya delta ya Rufiji, kiasi cha hekta 53,000, ni msitu mkubwa kuliko wote wa aina yake ulioungana katika Afrika Mashariki. Kila mti una mahali pake kufuatana na chumvi: msikundazi na mkomafi hupenda palipo na maji baridi mengi, mchu huvumilia chumvi kali. Maji ya mto yakipungua masika chumvi hupanda mkondo, na mashamba ya mpunga wa delta ndiyo ya kwanza kulia. Kambamiti nao hukulia kwenye mikoko wakiwa wadogo, kabla ya kutoka baharini wanakovuliwa. Tope lisipofika, mawimbi hula ukingo wa nje wa delta na hakuna kinachojaza pengo.

Kusafisha mashapo kwa lango la chini husaidia bwawa lenyewe na husaidia mto, kama wakati umechaguliwa. Fungua mto ukiwa mkubwa, masika, ili tope lipate maji ya kulibeba. Fungua kidogo kidogo, pima oksijeni na tope chini ya bwawa kila nusu saa, na simama kipimo kikivuka kiwango mlichokubaliana. Toa taarifa vijijini siku kadhaa kabla. Kosa la kawaida ni kufungua kiangazi kwa sababu ndipo mafundi wana nafasi. Tope zito huteremka kwenye mto mdogo na kufunika kila kitu.

Kuna pia maji yanayopotea angani. Katika nchi kavu kama ya Mtera, bwawa jingine la umeme lililo kwenye mto Ruaha Mkuu, uso wa maji unaweza kupoteza kiasi cha mita 2 kwa mwaka. Kila kilomita 100 za mraba za bwawa ni mita za ujazo milioni 200, sawa na mto wa mita za ujazo 6 kwa sekunde usiokauka mwaka mzima. Bwawa pana na la kina kifupi hulipa zaidi. Niongeze neno juu ya Ruaha Mkuu: kukauka kwake kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kulikoanza 1993, hakukusababishwa na Mtera, maana Mtera iko chini ya hifadhi. Chanzo kiko bonde la Usangu, juu ya hifadhi. Kulaumu bwawa kwa kisichokuwa chake hudhoofisha lawama zake za haki.

Aprili 2024 mafuriko yaliingia Rufiji na Kibiti huku bwawa likiwa limejaa na maji yakiachiliwa. Bwawa lililojaa haliwezi kuzuia mafuriko. Yanayoingia lazima yatoke. Ili lizuie lazima liwe na nafasi tupu kabla ya masika, na nafasi tupu ni umeme ambao mwendeshaji ameukataa kwa hiari yake. Kwa hiyo kanuni ya uendeshaji iandike kina cha juu kinachoruhusiwa kwa kila mwezi, Januari hadi Desemba, na ifahamike Utete na Ikwiriri, miji iliyo chini ya bwawa, kama inavyofahamika makao makuu.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 tayari inatambua akiba ya maji kwa ajili ya mazingira, na kibali cha kutumia maji kinaweza kubeba masharti. Masharti yasiyopimwa ni karatasi. Kinachotakiwa chini ya kila bwawa ni kituo kimoja chenye ubao wa sentimita unaosomeka kutoka ukingoni, usomwe saa 1 asubuhi na saa 12 jioni, na namba zake zibandikwe ofisi ya kijiji siku hiyohiyo. Jedwali la kugeuza kina kuwa mita za ujazo lipimwe upya kila masika yakiisha, kwa sababu mto unaochimba kitako chake hupitisha maji mengine kabisa kwenye sentimita zilezile 240 za mwaka jana.